Nati za Gurudumu la Trekta: Kwa Nini Hulegea na Namna ya Kuzikaza Zikakaa

Msimu mmoja wa mpunga huko Usangu, trekta nililokuwa nikilisimamia lilirudishiwa gurudumu la nyuma baada ya kuzibwa pancha. Kazi ilifanyika jioni, kwa haraka, kando ya jaruba. Fundi na vijana wawili walilipachika gurudumu, wakavika nati zote nane, kisha wakaning'inia kwa zamu kwenye bomba lililochomekwa katika mpini wa spana hadi nati zikakataa kabisa kuzunguka. Siku ya pili yake, trekta likiwa barabarani na tela la magunia nyuma yake, dereva alianza kusikia chuma kikigonga chuma, ko, ko, ko, kwa mwendo uleule wa mzunguko wa gurudumu. Aliposimama alikuta stadi, yaani bolti zilizosimikwa ambazo nati huvikwa juu yake, tatu zimekatika, mbili zimepinda, na matundu ya diski, lile bamba la chuma la katikati ya gurudumu, ambayo kiwandani yalitobolewa yakiwa duara, yamekuwa na umbo la yai.

Kila aliyekuwapo alitoa hukumu moja, kwamba nati hazikukazwa vya kutosha. Tulipolivua gurudumu tulikuta jambo jingine: kati ya diski na hubu, yaani kichwa cha ekseli ambacho diski hufungwa juu yake, kulikuwa na tabaka la matope yaliyokauka, jembamba kama ganda la kitunguu, ambalo nusu yake lilikuwa limesagika na kuwa unga. Nati zilikuwa zimekazwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kilichozilegeza ni hayo matope. Mwongozo huu unaeleza kwa nini ganda kama hilo lina uwezo wa kukata chuma cha milimita 18, kisha unafuata hatua za kufunga gurudumu kwa namna ambayo haitakurudisha barabarani usiku ukiwa na jeki.

Kinachoshikilia gurudumu

Watu wengi huiona bolti ya gurudumu kama msumari ambao gurudumu limetundikwa juu yake. Kumbe nati inapokazwa, stadi huvutwa na kurefuka kidogo sana, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi kwenye urefu wake wa awali kama mpira wa manati, huibana diski dhidi ya hubu kwa nguvu kubwa mno. Mbano huo, pamoja na msuguano unaozaliwa kati ya nyuso mbili za chuma zilizobanwa, ndio unaobeba uzito wa trekta na kupokea msukumo wa injini. Gurudumu lililofungwa sawasawa halizilalii stadi zake hata kidogo.

Stadi ya milimita 18 iliyokazwa kwa nyutoni-mita 300 (nyutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), meno yake yakiwa makavu na masafi, hubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 8, na stadi nane kwa pamoja hubana kwa zaidi ya tani 60. Lakini nguvu yote hiyo imetokana na stadi kurefuka kwa kiasi ambacho kwa kawaida hakifiki sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi kinachoweza kuwa unene wa unywele mmoja. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Kama kati ya diski na hubu kuna rangi, kutu au matope yenye unene huohuo wa unywele, na uchafu huo ukasagika au kuminywa nje baada ya saa chache za kazi, stadi hurudi kwenye urefu wake na mbano hutoweka, ilhali nati yenyewe haijazunguka hata kidogo. Kwa hiyo fundi anaweza kuapa kwamba alikaza, na akawa anasema kweli.

Mbano ukishapungua, diski huanza kuteleza kidogo juu ya hubu kila trekta linapopiga shimo, linapokata kona au plau linapogonga kisiki. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa mashine ya majaribio kwamba mtikisiko wa namna hii, wa vipande vilivyofungwa kuteleza ubavuni kwenda na kurudi, ndio unaoifungua nati kwa haraka zaidi, kuliko mtikisiko unaofuata urefu wa bolti. Kila diski inapoteleza, nati hujirudisha nyuma nywele moja, na kwa kujirudisha inaruhusu mtelezo mkubwa zaidi. Ndiyo maana nati ambayo leo asubuhi imelegea kidogo huweza kuwa imedondoka kabla ya jua kuchwa.

Washa za springi, zile zilizokatwa na kupinda, zilishindwa vibaya katika majaribio ya aina hiyo. Nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na mbano wa nati, kwa hiyo ikishabanwa huwa ni kipande cha bati tu, na kwenye gurudumu ambalo kiwanda hakikuweka washa, kuiongeza ni kuongeza uso mwingine wa kusagika.

Makosa yanayozaa ulegevu

Uchafu kati ya nyuso ndio kosa la kwanza, na nitalisisitiza tena mbele. Rangi ni ndugu yake, tena ndugu mwenye sura nzuri. Kabla ya msimu, wamiliki wengi huyapeleka matrekta yakapigwe rangi, na mpiga rangi hupaka kila kitu, pamoja na uso wa ndani wa diski na mahali ambapo nati hukalia. Trekta linalong'aa likitoka gereji ndilo la kutiliwa shaka kwanza.

Kosa la pili ni kuchanganya meno. Matrekta mengi ya zamani, hasa yaliyotoka Uingereza na Marekani, yana meno ya inchi, ilhali ya sasa mengi yana meno ya milimita. Stadi ya inchi tano ya nane ina kipenyo cha milimita 15.9, na nati ya milimita 16 yenye meno membamba huingia juu yake bila ubishi kwa mizunguko michache. Baada ya hapo meno huanza kupishana na nati hukwama. Asiyejua huchukua bomba, huilazimisha mpaka isizunguke, kisha huondoka akiamini kwamba imekaza, kumbe imekwama njiani na diski haijabanwa ipasavyo. Ishara yake ni rahisi: nati ambayo haiwezi kupelekwa kwa vidole viwili hadi iguse diski, juu ya meno yaliyosafishwa, si nati ya stadi hiyo, au mmojawapo kati yao ameharibika.

Kosa la tatu ni kutolinganisha kalio la nati, yaani uso wake unaokaa juu ya diski, na tundu la diski. Baadhi ya diski zina matundu yaliyopanuliwa mdomoni kama faneli, nazo hutaka nati yenye upande wa koni, koni ikielekea kwenye diski. Nyingine zina uso bapa na hutaka nati bapa, mara nyingi ikiwa na washa yake nene ya kiwandani. Nati ya koni iliyogeuzwa, au nati bapa iliyowekwa kwenye tundu la koni, hugusa kwenye ukingo mwembamba tu. Ukingo huo humezwa na chuma ndani ya siku moja au mbili, na mbano huondoka nao. Nimewahi kuona gurudumu moja lenye nati za aina tatu, nane kwa hesabu lakini zilizokuwa zikifanya kazi ni nne.

Kisha lipo kosa ambalo watu hulichukulia kuwa uangalifu, yaani kukaza kupita kiasi. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye mpini wa spana wa sentimita 50 huzalisha takriban nyutoni-mita 370. Akichomeka bomba na kusimama mita 1.2 kutoka kwenye nati huzalisha karibu 880, na akirukaruka huzidi hapo. Stadi ya milimita 18 ya daraja la kawaida la uimara hukazwa kwa takriban 300. Ikivutwa mara mbili au tatu ya hapo huwa imevuka uwezo wake wa kurudi, imenyooka kama mpira wa manati uliozeeka, na haibani tena kama mwanzo hata ikikazwa upya. Stadi ya namna hiyo ukiilaza kando ya mpya utaona meno yake yameachana kidogo karibu na katikati, na nati mpya hukwama ikifika hapo.

Kabla ya kuinua trekta

Chagua mahali tambarare na pagumu. Shusha plau au haro hadi chini, zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, na weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu lisiloguswa. Tela lifunguliwe. Nati zilegezwe robo mzunguko gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu kupambana na nati ngumu trekta likiwa juu ya jeki ni kulialika lianguke.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau ni kwamba ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa kwa pini moja katikati na huweza kuinama kulia na kushoto ili kufuata ardhi. Unapoinua upande mmoja wa nyuma, mwili wa trekta huweza kulala kwa ghafla upande wa pili. Kwa hiyo piga vipande viwili vya mbao ngumu kati ya ekseli ya mbele na fremu, kimoja kila upande, kabla ya kugusa jeki. Weka jeki chini ya nyumba ya ekseli ya nyuma, mahali imara, na ukishainua weka stendi au gogo pana la mti mgumu; tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Kama matairi ya nyuma yamewekwa maji kwa ajili ya kuongeza uzito, kumbuka kwamba tairi moja kubwa huweza kuwa na zaidi ya lita 200 za maji, na uzito huo ukianza kulala hauzuiliki kwa mikono ya watu wawili.

Kusafisha na kukagua

Hatua hii ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ikifanywa vizuri zilizobaki ni nyepesi. Chukua brashi ya waya, tindo butu na kitambaa kikavu. Kwangua uso wote wa hubu ambao diski hukalia, na uso wa nyuma wa diski unaokutana nao, hadi uone chuma kitupu kinachong'aa kwa rangi ya kijivu. Usiache mabaki kwenye kona iliyo kati ya hubu na kitovu kinachoshikilia gurudumu katikati, kwa kuwa matope hupenda kujificha hapo na kuiinua diski upande mmoja. Pitisha ncha ya kidole kuzunguka kila tundu la diski. Ukihisi mdomo ulioinuka kama jeraha lililopona vibaya, usawazishe kwa tupa bapa. Rangi iliyo mahali nati inapokalia nayo iondoke. Usipake grisi kati ya diski na hubu, hata kama mtu atakuambia inazuia kutu, maana msuguano wa nyuso hizo ndio unaobeba trekta.

Laza rula ya chuma juu ya uso wa diski. Mwanga unaoonekana chini ya rula katikati ya matundu huonyesha kwamba diski imepinda, na diski iliyopinda itazidi kulegeza nati kwa kadiri utakavyozikaza. Tafuta nyufa zinazoanzia kwenye tundu kwenda nje kama miale. Kutu ya rangi ya kahawia inayotiririka kutoka kwenye tundu, juu ya rangi iliyo safi, mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza ya ufa au ya mtelezo. Tundu lililogeuka umbo la yai halifai. Wapo wanaolijaza kwa kuchomelea na kulitoboa upya, na kwa mkono wa fundi mahiri aliye na mashine ya kuchonga kazi hiyo inawezekana, lakini kwa mashine ya kuchomelea ya kando ya barabara utapata tundu lisilo katikati na chuma kilichogeuka kigumu na chepesi kuvunjika karibu nalo. Mimi hununua diski nyingine, hata iliyotumika, mradi matundu yake ni duara.

Stadi nazo zisafishwe kwa brashi na zitazamwe moja moja. Ikiwa moja imekatika, badilisha pamoja na zile mbili za jirani yake, kwa kuwa ndizo zilizobeba mzigo wake kabla hujagundua. Zikiwa zimekatika mbili au zaidi, badilisha zote. Tazama alama ya daraja kwenye kichwa au mwisho wa stadi: 8.8 ni daraja la kawaida, 10.9 ni la juu zaidi, na kwa bolti za inchi utaona mistari kichwani, mitatu kwa daraja la 5 na sita kwa daraja la 8. Bolti isiyo na alama yoyote, ile ya kufungia milango ya geti, haina nafasi kwenye gurudumu.

Kukaza

Pandisha gurudumu likae kwenye kitovu cha hubu bila kulazimishwa, kisha pitisha nati zote kwa vidole hadi ziguse diski. Kuhusu mafuta kwenye meno, fuata kitabu cha trekta. Kama kitabu kinataka meno makavu, yaache makavu, kwa kuwa meno yaliyopakwa oili hupunguza msuguano kiasi kwamba kipimo kilekile cha spana huivuta stadi kwa takriban theluthi zaidi. Kati ya nguvu yote unayoiweka kwenye spana, karibu nusu hupotea chini ya nati na sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea kwenye meno, na ni takriban sehemu moja tu ya kumi inayofika kuivuta stadi. Ukibadilisha hali ya meno umebadilisha hiyo sehemu moja.

Kaza kwa kuvuka katikati, kamwe usifuate mzunguko. Zihesabu nati kama saa, ya juu ikiwa namba 1. Kwa gurudumu la nati nane, fuata 1, 5, 3, 7, kisha 2, 6, 4, 8. Kwa la nati sita, 1, 4, 3, 6, 2, 5. Kwa la nati tano, ruka moja kila mara: 1, 3, 5, 2, 4. Mzunguko wa kwanza ukaze kwa theluthi moja ya kipimo gurudumu likiwa bado hewani, ukilizungusha kidogo kila baada ya nati mbili ili diski ijipange. Kisha lishushe hadi tairi liguse ardhi na kushika kiasi cha kutozunguka, kaza kwa theluthi mbili, na mwishowe, trekta likiwa limeshuka kabisa, kaza kwa kipimo kamili. Mwisho pitia nati zote mara moja zaidi kwa kipimo hichohicho, na hapo mara nyingi utashangaa kuona ile ya kwanza inazunguka tena kidogo, kwa sababu wenzake walipokazwa walizidi kuisogeza diski.

Kipimo chenyewe kitoke kwenye kitabu cha trekta lako, maana hata matrekta ya jina moja hutofautiana kati ya mbele na nyuma. Pale ambapo kitabu kimepotea, na hilo ni jambo la kawaida kwa trekta lililopita mikononi mwa wamiliki watatu, majedwali ya kawaida ya bolti za daraja la 8.8 huonyesha takriban nyutoni-mita 210 kwa milimita 16, 300 kwa milimita 18, na 420 kwa milimita 20. Hayo ni makadirio ya kukutoa shambani hadi utakapokipata kitabu.

Wengi hawana ile spana ya kipimo ambayo mafundi huiita toki renchi, na bei yake si ya kila gereji. Lakini karibu kila kijiji kinacholima pamba au kuuza nyama kina mizani ya kuning'inia yenye uso kama wa saa, na mizani hiyo inatosha. Chomeka bomba kwenye mpini wa spana, pima mita moja kamili kutoka katikati ya nati, na funga ndoano ya mizani hapo. Vuta ukiwa umesimama upande ambao mizani na bomba hufanya pembe mraba, polepole bila kushtua. Kilo 1 kwenye umbali wa mita 1 ni karibu nyutoni-mita 10. Kwa hiyo unapotaka 300, vuta hadi mshale usome kilo 31, kwa 210 usome 21, na kwa 420 usome 43. Kama nafasi hairuhusu mita nzima, umbali wa sentimita 75 utataka kilo 41 kwa kipimo cha 300. Baada ya kufanya hivi mara moja utagundua, kama nilivyogundua mimi kwa aibu kidogo, kwamba miaka yote ulikuwa ukikaza baadhi ya nati maradufu na nyingine nusu.

Kurudia kukaza

Hata kwa usafi wote huo, nyuso za chuma zina vilima vidogo visivyoonekana ambavyo huminywa katika saa za kwanza za kazi, na mbano hupungua kidogo. Kwa hiyo gurudumu lililofunguliwa kwa sababu yoyote, hata pancha ya tairi la mbele, likazwe upya baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha mwisho wa siku hiyo, kisha kila asubuhi hadi ipite wiki bila nati yoyote kusogea, na baada ya hapo kila saa 50 pamoja na kukagua oili. Weka spana kwa kipimo kilekile na uvute, usiilegeze kwanza. Ikiwa nati inazunguka kwa mara ya tatu mfululizo, acha kukaza na ulivue gurudumu, kwa sababu kuna kitu ndani kinachosagika.

Baada ya kukaza, chora kwa rangi ya mafuta mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye diski. Kila asubuhi dereva akilizunguka trekta ataona kwa jicho tu kama mstari wowote umekatika. Mstari usiokatika, kama tulivyoona, haumaanishi kwamba mbano upo, kwa hiyo hauondoi kazi ya spana. Ila mstari uliokatika humaliza ubishi. Aangalie pia pete inayong'aa kuzunguka nati, unga mwekundu wa kutu, na rangi iliyobanduka kwenye ukingo wa diski.

Bolti za rimu, na tela

Magurudumu mengi ya nyuma yana viungo viwili: diski imefungwa kwenye hubu, na rimu imefungwa kwenye diski kwa bolti zinazopita kwenye masikio yaliyochomelewa ndani ya rimu. Bolti hizi za pili ndizo zinazofunguliwa mtu anapobadilisha upana wa magurudumu, kwa mfano anapotoka kulima na kuingia palizi ya mahindi, na ndizo zinazosahauliwa zaidi. Safisha masikio kama ulivyosafisha hubu, kaza kwa kuvuka, na urudie kukaza kwa ratiba ileile. Angalizo la hatari: rimu iliyotengenezwa kwa vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti isifunguliwe kamwe wakati tairi lina upepo. Hakikisha upepo wote umetoka na sindano ya valvu imeondolewa kwanza, kwani nusu ya rimu hiyo ikiruka humuua aliye mbele yake.

Matela ya kuunganishwa mitaani mara nyingi hutumia ekseli za malori ya zamani, na baadhi ya hizo zina meno ya kushoto upande wa kushoto, yaani nati hukazwa kwa kuzungushiwa upande ambao kwa kawaida ni wa kufungua. Tazama herufi L mwishoni mwa stadi kabla ya kutumia bomba. Nimeshuhudia stadi tatu zikikatwa na mtu aliyekuwa akihangaika kufungua nati ambazo alikuwa akizikaza.

Ikilegea kazini

Dereva anaposikia mgongano unaofuata mzunguko wa gurudumu, au kuona gurudumu likiyumba, asimame papo hapo, asijaribu kulifikisha mwisho wa mstari anaoulima. Kukaza nati na kuendelea ni halali kwa umbali wa kutoka shambani tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea na bila mzigo. Baada ya hapo gurudumu livuliwe, kwa sababu nati iliyolegea na kutembea imekwisha kuumiza stadi, kalio na tundu, na hata kama zote zinaonekana nzima, stadi iliyopindishwa huku na huku huwa na ufa shingoni ambao jicho halioni.

Na pale nati inapokataa kutulia, mtu yeyote asikushauri kuichomelea kwenye diski. Nitakumbuka daima mlio wa tairi la trekta lililopasuka gereji ya jirani fundi alipokuwa akichomelea rimu yenye tairi juu yake: joto huugeuza mpira wa ndani kuwa gesi inayowaka, na hilo hutokea hata kama tairi halina upepo. Tairi livuliwe kabisa kwenye rimu kabla ya moto wowote kukaribia. Mlango wa gereji ile, wa mabati, ulikutwa ng'ambo ya barabara.